Serikali Iache Kuukwepa Mpaka wa Tana River

Oktoba 2024 serikali ilitangaza sehemu za Tana River kuwa maeneo ya vurugu na hatari. Wenye silaha haramu waliamriwa wazisalimishe, vikosi vya usalama vikatumwa, na siku 30 za amri hiyo zikahesabiwa hadi zikaisha. Chanzo cha mapigano kilijulikana na kila aliyetaka kukijua: ardhi ya kuwahamishia waathiriwa wa mafuriko, mahali ambapo jamii jirani hazikubaliani ardhi ni ya nani. Swali hilo halikujibiwa amri ilipotolewa, wala halikujibiwa ilipokwisha.

Huo umekuwa mtindo wa serikali katika bonde la Tana kwa miongo mingi. Palipohitaji uamuzi hutumwa askari. Mpaka kati ya Tana River na Garissa haujulikani kwa uhakika, si kwa sababu haupimiki, bali kwa sababu kila anayepaswa kuuamua anaogopa kupoteza kura za upande mmoja. Gharama ya woga huo imebebwa na wakulima na wafugaji, ambao hawana kiti mezani panapoamuliwa kwamba kusiamuliwe lolote.

Hoja za pande mbili zinafahamika. Upande wa Tana River unashikilia kwamba mpaka uko maili tatu mashariki ya mto. Upande wa Garissa unashikilia kwamba mto wenyewe ndio mpaka, na aliye kwenye ukingo wa mashariki yuko Garissa. Kati ya madai hayo kuna ukanda wenye upana wa karibu kilomita tano, unaoandamana na mto. Ndani ya ukanda huo kuna mashamba, malisho, shule na zahanati. Mji wa Garissa wenyewe umejengwa kando ya mto, na anayevuka daraja lake kuelekea Nairobi anaingia Madogo, ndani ya Tana River. Kuna Bura ya Tana River, na ng'ambo ya mto kuna Bura Mashariki, iliyo Fafi, Garissa. Hakuna kiongozi anayeweza kusema kwamba jambo hili ni dogo kiasi cha kusubiri.

Asili ya mgogoro huu ni ya kale kuliko jamhuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza ulitumia mto Tana kuwatenganisha Wasomali wa mashariki na Waorma wa magharibi, kisha ukaifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa vibali vya kuingia na kutoka. Mstari huo haukulingana na maisha ya Wapokomo, ambao hulima kingo zote mbili, wala ya wafugaji, ambao hufuata nyasi na maji. Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilikusanya maoni ya wananchi, na uhuru ulipokuja mwaka 1963 bonde hili likawa mahali Pwani inapokutana na Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta, vilivyoanza mwaka huohuo, viligeuza habari ya mpaka kuwa suala la usalama tu. Tangu hapo umeshughulikiwa na kambi za polisi badala ya wapimaji wa ardhi.

Katiba ya 2010 iliongeza uzito wa mgogoro. Kaunti 47 zilifuata wilaya zilizotambuliwa na Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992, na utata wa wilaya ukarithiwa na kaunti. Kabla ya ugatuzi mpaka ulihusu ni mkuu wa wilaya yupi atatia sahihi barua. Leo unahusu mgao wa fedha, ajira, ushuru wa soko la mifugo, wadi na kiti cha ugavana. Mgao wa kaunti hukadiriwa kwa kuzingatia, pamoja na mambo mengine, idadi ya watu na ukubwa wa eneo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 315,943 wa Tana River. Pale ambapo mpaka una utata, hata hesabu ya watu huwa silaha ya ushindani, na kila kisima kinachochimbwa na kaunti moja huonekana na jirani kama bendera iliyosimikwa.

Wanaosema mto unatosha kuwa mpaka wanasahau tabia ya mto huu. Tana haitulii mahali pamoja. Katika karne ya 19 mfereji wa Belazoni ulichimbwa kuiunganisha Tana na mto Ozi. Maji yakafuata njia hiyo, na Kipini ikawa mdomo mkuu wa mto. Mwaka 1989 mto ulihama mkondo wake karibu na Hola, na mradi wa umwagiliaji uliokuwepo tangu enzi za ukoloni ukakosa maji na kuanguka. Kwa hiyo anayesema mto ndio mpaka anapaswa kueleza ni mkondo wa mwaka gani. Anayesema maili tatu anapaswa kueleza zinapimwa kutoka ukingo upi. Bila ramani iliyothibitishwa na mawe ya mpaka ardhini, madai yote mawili yanabaki maneno ya mkutano wa hadhara.

Kinga inayotumiwa na maafisa ni Kifungu cha 188 cha Katiba. Kifungu hicho kinasema mipaka ya kaunti inaweza kubadilishwa tu kwa pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge kwa kazi hiyo, na kwa kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Ni kizingiti cha juu, na kiliwekwa hivyo kwa makusudi. Lakini kinahusu kubadilisha mpaka. Hakimzuii mtu yeyote kuonyesha mpaka uliopo uko wapi. Kazi hiyo ya pili ni ya kumbukumbu na vipimo: ramani za 1963, sheria ya 1992, na wapimaji wa serikali wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kuchanganya mambo haya mawili kumewapa wakubwa kisingizio cha kukaa kimya zaidi ya muongo mmoja.

Bunge nalo halina la kujitetea. Miswada ya mipaka ya kaunti imewasilishwa Seneti zaidi ya mara moja, na kila mara imekosa msukumo. Wananchi wengi bado wanadhani Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ndiyo itakayotatua mgogoro huu. Tume hiyo inashughulikia mipaka ya maeneo bunge na wadi. Haina mamlaka juu ya mpaka wa kaunti na kaunti. Bunge linajua hivyo, na kuacha pengo hilo wazi ni uamuzi ambao wabunge lazima wauwajibikie.

Wala serikali haiwezi kudai kwamba bonde hili halipimiki. Miaka ya 1990 ilipotaka ardhi ya mpunga, Mamlaka ya Ustawi wa Mito Tana na Athi ilipata hatimiliki ya maelfu ya hekta za delta. Mwaka 2008 mradi wa miwa ulipopangwa pamoja na Kampuni ya Sukari ya Mumias, michoro ya hekta takriban 20,000 ilikuwa tayari. Mwaka 2012 delta ilipoingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Ramsar, hekta 163,600 zilielezwa kwa mipaka yake. Wapimaji wapo, vyombo vipo, ramani zipo. Kinachokosekana ni amri ya kuzitumia pale ambapo hakuna mwekezaji anayesubiri.

Mahakama nayo ilikwisha kuligusa suala la ardhi hii. Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, iliagiza taasisi za serikali ziandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wenyeji. Agizo hilo lina kanuni rahisi ndani yake: serikali haipaswi kuipangia ardhi hii matumizi bila kuwashirikisha wanaoitegemea. Kanuni hiyohiyo inapaswa kuongoza suala la mpaka.

Garsen inaonyesha kwa nini. Mji huu wa delta uko kwenye njia panda: barabara ya Malindi kwenda Garissa inapita hapa, na ile ya Lamu inaanzia hapa. Mto unapofurika, barabara ya Lamu hukatika na mji hugeuka kituo cha waliokwama. Baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha ya 2014, likiwemo lile la kituo cha polisi cha Gamba, mabasi ya Lamu yalilazimika kwenda kwa misafara yenye ulinzi. Kila mgogoro wa bonde, uwe umeanzia Madogo au mdomoni mwa mto, hatimaye hufika Garsen kwa sura ya wakimbizi, bei za vyakula na maduka yaliyofungwa.

Na mgogoro huanza kwa namna ileile. Kiangazi kinapobana, mifugo ya Ijara na Fafi, kule Garissa, na hata ya mbali zaidi huteremkia delta, kwa kuwa hakuna kwingine penye nyasi. Hufika mtoni kwa malka, yaani njia za kunyweshea. Msimu huu malka imelimwa. Mwenye shamba anasema babu yake alilima hapo. Mchungaji anasema babu yake alinywesha hapo, na wote wawili wanasema kweli. Ng'ombe wanaingia kwenye mahindi na migomba. Mmoja anakatwa panga mguuni. Chifu anaitwa, hasara inakadiriwa, fidia haitolewi. Baada ya siku chache nyumba inachomwa, na baada ya wiki kijiji.

Mwaka 2001 mapigano ya Wapokomo na wafugaji yalizuka baada ya mpango wa serikali wa kupima na kugawa ardhi kwa hati za watu binafsi, ambao wafugaji waliuona kuwa utawafungia malka. Mwaka 2012 hali ilikuwa mbaya zaidi. Agosti 22, watu wasiopungua 48 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto wa jamii ya wafugaji ya Waorma. Septemba ilileta mauaji ya Chamwanamuma, kisha ya Kilelengwani, ambako waliouawa walikuwa karibu 40, askari polisi wakiwemo. Desemba 21 ikawa zamu ya Kipao, ambako waliuawa wasiopungua 39. Januari 2013 mauaji yaliendelea, na uchaguzi mkuu ulikuwa wiki chache mbele.

Majibu ya wakati huo yalikuwa amri ya kutotoka nje usiku, askari kwa maelfu, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka. Askari waliondoka, amri ikaondolewa. Ripoti ya tume haikufikishwa kwa wananchi wa vijiji vilivyochomwa, ambao ndio waliotoa ushahidi na ndio waliozika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kuificha ripoti inayohusu mauaji ya raia ni kuikanyaga haki hiyo, na ni kuwalinda waliotajwa, kama wapo, kwa gharama ya waliokufa.

Ukosefu wa uwajibikaji una matokeo yanayoonekana. Mtu aliyefadhili mauaji ya 2012 na hakuguswa ana sababu gani ya kusita leo? Mwanasiasa aliyegundua kwamba neno "mpaka" humletea wafuasi, na kwamba halimfikishi mahakamani, atalitumia tena. Uchaguzi wa 2027 ni mtihani ambao maswali yake yanajulikana. Viongozi wa Tana River na wa Garissa wanaoahidi wafuasi wao kurudisha ardhi, bila kuonyesha ramani wala sheria, hawatetei jamii zao. Wanaziandalia mazishi, na wanapaswa kuambiwa hivyo na mamlaka inayoweza kuwashtaki.

Wako wanaoshauri kwamba jambo hili liachwe lilale, kwa kuwa kuligusa ni kuamsha vita. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kunyamaza kungeleta amani. Kumekuwa na kimya cha miongo sita, na ndani ya kimya hicho kuna 2001, kuna 2012 na kuna 2024. Dawa ya deni ni kulipa. Serikali inawiwa uamuzi na watu wa bonde la Tana, na kila mwaka unaopita deni linaongezeka kwa njia ya watu waliokufa na waliohama.

Jambo moja lazima liwe wazi kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa. Mpaka wa kaunti ni wa utawala. Unaeleza nani atajenga zahanati na nani atakusanya ushuru. Haumnyang'anyi mtu shamba lake, wala haumzuii mfugaji wa Garissa kunywesha Tana. Katiba inahesabu mito kuwa ardhi ya umma, na inalinda ardhi ya jamii popote ilipo. Sehemu kubwa ya hofu inatokana na imani kwamba mstari ukichorwa, walio upande usio wao watafukuzwa. Serikali haijawahi kujisumbua kuwaeleza vinginevyo, na wachochezi wameijaza nafasi hiyo.

Hivyo hatua zinazohitajika zinajulikana, na kila moja ina mwenyewe. Wizara ya Ardhi na Idara ya Upimaji ziweke hadharani, ndani ya miezi sita, ramani na nyaraka zote rasmi za mpaka wa Tana River na Garissa, kuanzia za wakati wa uhuru hadi sheria ya 1992, na zieleze bila kumung'unya maneno mpaka wa sasa kisheria uko wapi. Pale nyaraka zinapokinzana, zisemwe zinakinzana wapi. Mawe ya mpaka yawekwe mahali pasipo na ubishi kwanza.

Bunge lipitishe sheria ya kuunda tume huru ya Kifungu cha 188 kabla ya kampeni za uchaguzi kuanza, ili pale mpaka uliopo unapoonekana kuwa wa dhuluma kwa upande wowote, pawe na mlango halali wa kubisha. Katiba imekwisha kutaja vigezo: uhusiano wa kihistoria na kitamaduni, sura ya nchi, miundombinu, na maoni ya jamii zinazohusika. Seneti, ambayo kazi yake ni kulinda kaunti, ndiyo inayopaswa kuongoza na ndiyo itakayolaumiwa.

Serikali za kaunti mbili zipime na kulinda malka kwa sheria zao, kwa pamoja, bila kungoja mpaka. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wa Matadeda wa Waorma wamezoea kukaa na kukubaliana juu ya njia za mifugo na fidia ya mazao. Makubaliano hayo yaandikwe na yapewe nguvu ya sheria, pamoja na wazee wa jamii za Garissa ambazo mifugo yao hushuka kiangazi. Usajili wa ardhi ya jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 uharakishwe, kwani jamii isiyo na hati haina cha kuonyesha isipokuwa panga na bunduki.

Kuwahamisha waathiriwa wa mafuriko kusifanywe tena kwenye ardhi yenye ubishi bila makubaliano ya maandishi ya wanaoipokea. Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliwaondoa maelfu ya watu makwao, na yatakuja mengine. Maji yakishafika mlangoni, afisa hana nafasi ya kuuliza ardhi ni ya nani. Maeneo ya kuhamia yatengwe wakati wa ukavu, na wanaohusika wakubaliane wakiwa hawajapoteza kitu.

Ripoti ya Tume ya Nzioka itolewe yote. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aueleze umma ni kesi ngapi zilifunguliwa kuhusu mauaji ya 2012 na 2013, ngapi zilikamilika, na kwa nini nyingine hazikufika mwisho. Wizara ya Usalama wa Ndani itoe hesabu ya silaha zilizosalimishwa kufuatia amri ya Oktoba 2024. Amri isiyotolewa hesabu ni tangazo tu.

Hakuna lolote katika orodha hii linalohitaji hazina mpya ya fedha au utafiti mwingine wa wataalamu. Kila ofisi iliyotajwa ina mamlaka, ina wafanyakazi na ina bajeti. Kwa hiyo damu ikimwagika tena kati ya Madogo na Kipini, isiitwe mgogoro wa kikabila wala uhasama wa jadi. Iitwe uzembe wa ofisi zinazojulikana, na wakuu wake wahojiwe kwa majina yao.